NPR ya 1993, injini 4BD1: moshi mweupe asubuhi na silinda moja inamisi. Ninunue nozeli nne mpya?

BintiWaMolo (Molo, Nakuru)

Salamu kwenu nyote mnaoishi na malori. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa ambazo nikizitoa sitaziona tena hadi viazi vya msimu ujao.

Nina Isuzu NPR ya mwaka 1993 niliyoachiwa na baba. Injini ni 4BD1, silinda nne, lita 3.9, haina tabo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi). Inabeba viazi vya shangi kutoka Molo hadi soko la Kibuye, Kisumu, magunia 80 ya kilo 50, safari mbili kwa wiki. Tukishashusha, tukibahatika tunapakia mchele Ahero. Binamu yangu ndiye anayeshika usukani na mimi hukaa kando yake kila safari, kwa hiyo haya ninayoyaeleza nimeyasikia kwa masikio yangu, sikuhadithiwa.

Shida ilianza baada ya Krismasi. Alfajiri ukipiga stata inazunguka sana kabla ya kushika. Ikishashika inatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, unawasha macho, na inamisi: tu-tu-tu-pa, tu-tu-tu-pa. Kioo cha pembeni kinatetemeka hadi huoni kilicho nyuma. Baada ya dakika kumi moshi unapungua lakini ule mlio haupotei. Ikiwa na mzigo, kutoka Molo hadi Mau Summit inatoa moshi mweusi hadi walio nyuma yetu wanatuwashia taa. Tukipita Kericho na kuanza kuteremka Kapsoit kuelekea Awasi, moshi karibu unaisha kabisa. Hilo ndilo linalonichanganya. Kama imeharibika, mbona ikikaribia Kisumu inapona?

Kwenda Kibuye na kurudi ilikuwa inakunywa lita 60. Sasa ni 74. Na kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusiana: oili imepanda. Kijiti kinaonyesha imepita alama ya juu, na hakuna aliyeongeza.

Fundi wetu hapa mjini anasema ninunue nozeli nne mpya, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, na pampu ya dizeli ifunguliwe yote, jumla shilingi 68,000. Ni mtu mwema, alikuwa rafiki wa baba, sisemi ananidanganya. Lakini hana mashine ya kupimia. Alisikiliza tu injini, akashika bomba la moshi kwa kitambaa, akasema "nozeli zimekwisha".

Baba aliandika kila kitu cha gari hili kwenye daftari, lile la shule lenye jalada la samawati. Nimelipekua jana usiku nikakuta hivi: "14/6/2009. Nozeli 4 zimepimwa Kisumu. 185 zote. Washa mpya 4." Hiyo 185 ni nini? Ni bei? Ni nambari ya kununulia? Na je, nozeli husafishwa zikapona, au kweli zikichoka ni za kutupa?

DerevaWaMajengo (Vihiga)

Pole dada. Mimi naendesha lori la Canter lenye injini ya 4D33 kati ya Kisumu na Kakamega, na ule mlima wa kutoka Kiboswa hadi Majengo hauna huruma kwa injini, kwa hiyo moshi naujua. Usikimbilie kufungua. Nunua chupa ya dawa ya kusafisha nozeli, imwage tangini, halafu ongeza petroli lita tatu kwenye dizeli ya tangi zima. Petroli ni kali, inakwangua uchafu wote. Mimi nilifanya hivyo mwaka juzi, gari likawa jepesi kwa miezi. Kama haikusaidia ndipo umwone fundi. 68,000 ni ada ya muhula wa mtoto.

FundiPampu_Kondele (Kisumu)

Binti yangu, kabla ya nozeli na kabla ya pesa, hiyo oili. Simamisha gari leo. Usiende Kisumu nalo hivyo.

Oili haipandi yenyewe. Chomoa kijiti, ipake kati ya vidole viwili, inuse. Kama ni nyepesi kama maji na ina harufu ya dizeli, basi dizeli inaingia kwenye oili. Kwa dalili zako, injekta moja inadondosha badala ya kunyunyiza, na kile kisichoungua kinateremka kwenye ukuta wa silinda, kinaosha oili iliyo kwenye ringi, kinaishia chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi za kranki. Hapo ndipo hesabu ya 68,000 itakapoonekana ndogo. Mafuta yanaweza pia kupenyea kwenye pampu yenyewe, maana pampu yako inalainishwa na oili ya injini, lakini ukichanganya na moshi mweupe na kumisi, mimi naanzia kwenye injekta. Mwaga hiyo oili na filta yake. Ukishatengeneza, weka mpya.

Sasa 185. Baba yako alikuwa mtu makini. Hiyo ni presha ya kufungua, kilo 185 kwa kila sentimita mraba. Ndiyo kipimo cha 4BD1. Kwenye geji yenye alama za baa utasoma kama 181, ni kitu kilekile. Ndani ya injekta kuna sindano iliyokandamizwa na springi. Pampu inasukuma dizeli hadi ifike presha hiyo, ndipo sindano inainuka na mafuta yanatoka kwenye vitundu vya ncha kwa nguvu hadi yanakuwa ukungu. Springi ikichoka, sindano inafunguka kabla ya wakati, kwa presha ndogo, na mafuta yanatoka matone makubwa. Matone hayaungui vizuri kwenye injini baridi. Moshi mweupe unaokuwasha macho asubuhi si maji na si mvuke. Ni dizeli mbichi.

Watu wengi huita kitu chote nozeli. Mimi nasema injekta kwa kitu kizima na nozeli kwa ile ncha yenye vitundu. Utaona kwa nini hilo ni la maana kwa mfuko wako: mara nyingi kinachobadilishwa ni ncha tu, au springi tu, au hakuna.

Umeuliza kwa nini ikikaribia Kisumu inapona. Haijapona. Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari na Kisumu iko mita 1,130 hivi. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo tu, na kwenu huko juu hewa ni nyembamba, imepungua kwa zaidi ya asilimia kumi ukilinganisha na hapa ziwani. Pampu yako haijui iko wapi. Inapeleka dizeli ileile. Mafuta mengi na hewa chache ndio moshi mweusi. Injini nzima hutoa kidogo tu pale Mau Summit. Injini yenye injekta mbovu inatoa wingu. Mkiteremka Awasi hewa inaongezeka, na tena mguu uko nje ya mafuta, kwa hiyo ugonjwa unajificha.

Ndugu yangu wa Majengo, nakuheshimu, lakini petroli hapana. Mwili wa pampu yako unapata oili ya injini, lakini vile vipistoni vyake vinavyosukuma mafuta, na sindano hizi, havina oili nyingine ila dizeli yenyewe. Dizeli ndiyo inayovilainisha. Petroli haina ulaini huo, na tangi la dizeli likishatiwa petroli mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo. Mafuta ya taa nayo hayana ulaini huo. Kabla ya serikali kuweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, yalikuwa rahisi kuliko dizeli na watu waliyachanganya kila mahali. Miaka hiyo meza yangu ilijaa sindano zilizokwaruzika kama zimepigwa msasa. Dawa ya chupa sina ugomvi nayo. Inaondoa utando mwepesi. Lakini hakuna dawa inayorudisha springi iliyochoka.

Fanya hivi nyumbani, haikugharimu kitu. Injini ikiwa imeshika na iko mwendo wa chini, mwambie binamu yako afunike nati ya bomba la presha la silinda ya kwanza kwa kitambaa, ailegeze nusu mzunguko, asikilize, aikaze tena. Halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Nati ya silinda yenye afya ukiilegeza, injini inayumba papo hapo. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo kiwete. Avae miwani na asiweke kidole wala kiganja mbele ya mafuta yanayoruka. Dizeli yenye presha inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Tundu linaonekana dogo kama la sindano ya hospitali, na mtu anaweza kupoteza mkono. Ikimtokea aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi.

Tuandikie utakachoona.

BintiWaMolo

Asante sana mzee. Gari limesimama uani tangu nisome maneno yako. Oili inanuka dizeli, na imeteleza kwenye kidole kama maji ya sabuni. Nimeogopa kweli, maana tulikuwa tupakie kesho.

Tumelegeza nati moja moja. Ya kwanza, injini iliyumba karibu izime. Ya nne vilevile. Ya pili iliyumba kidogo tu. Ya tatu, hakuna kitu, ni kama hatukuigusa. Tumerudia mara mbili.

Kwa hiyo ninunue mbili badala ya nne?

FundiPampu_Kondele

Bado usinunue hata moja. Toa zote nne uzilete zipimwe. Hata 1 na 4, kwa sababu sikio linasema silinda inafanya kazi, halisemi inafanya kazi kwa presha gani.

Namna ya kuzitoa ndiyo inayoharibu wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Osha kwanza juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, kwa dizeli na brashi, kila pembe, ikauke. Mchanga ukiingia kwenye bomba la presha umefunga kazi. Fungua mabomba yote ya presha pande zote mbili na uyatoe mazima. Usilikunje bomba ili lipishe spana. Ukishatoa, funga midomo ya pampu na ya mabomba kwa nailoni safi na mpira. Injekta ikikataa kutoka usiipige nyundo ubavuni. Mwagia mafuta ya kulegeza, iache usiku, izungushe kidogo kidogo kulia na kushoto hadi iachie. Weka alama 1, 2, 3, 4 kwa utepe, na kila moja irudi kwake.

Na wewe mwenyewe, si tanboi, chukua tochi uangalie kila shimo. Chini kabisa kuna washa ya shaba, ile pete bapa ambayo injekta inaikalia. Hesabu zimetoka ngapi.

MkulimaCherangani (Kitale)

Hilo la washa naliunga mkono kwa uchungu. Mimi nilifungua injekta za lori langu nikafunga washa mpya nne, nikaona nimemaliza. Kumbe moja ya zamani ilikuwa imeganda chini ya shimo, imefunikwa na masizi, ukitazama unadhani ni chuma cha hedi. Nikaweka mpya juu yake. Injekta ikakaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta yakapiga pembeni badala ya kuingia kwenye bakuli la pistoni. Nilisafiri na moshi msimu mzima wa mahindi, nikabadilisha filta ya hewa mara tatu nikidhani ndiyo. Fundi wa pampu aliponiambia nichokonoe shimo kwa waya uliopindwa ncha, ikatoka nyeusi kama kokwa. Chokonoa, dada. Usiamini macho.

BintiWaMolo

Nimerudi. Ni siku tisa tangu niandike mara ya mwisho, na nataka kueleza yote kwa sababu mlinisaidia na kuna mwingine atakayeyahitaji.

Kutoa: injekta 1, 2 na 4 zilitoka siku ileile. Ya 3 ilikataa. Tuliimwagia mafuta ya kulegeza jioni, tukaifunika kwa gunia, asubuhi ikaachia. Zilipotoka niliziweka juu ya gazeti mezani. Ncha za 1 na 4 zilikuwa na masizi makavu, ya kijivu, kama jivu la makaa. Ncha ya 3 ilikuwa imelowa, nyeusi, na masizi yake yalikuwa na unyevu unaong'aa kama lami.

Kisha nikachukua tochi. Mashimo matatu yalitoa washa moja moja. Shimo la tatu lilitoa moja, nikaona chini yake chuma kisafi, nikataka kuondoka. Nikakumbuka maneno ya ndugu wa Kitale. Nikapinda waya wa spoku ya baiskeli, nikauzungusha chini ya shimo, ukanasa. Ilitoka ya pili. Mbili kwenye shimo moja! Nilirudi kwenye daftari la baba nikatafuta tena ukurasa kwa ukurasa. Kuna mstari wa mwaka 2016, si mwandiko wake, ni wa dereva aliyekuwepo wakati huo: "Awasi. Nozeli ya 3 imefunguliwa njiani, imefungwa." Ni hivyo tu. Baba alikuwa akilalamikia moshi wa Mau Summit hadi mwaka alioaga dunia, na akaambiwa ni uzee wa injini.

Nilifunga injekta kwenye taulo safi, nikapanda matatu hadi Kisumu nikiwa nimezipakata. Sikutaka ziende na mtu. Fundi aliyejibu hapa alinipokea kwenye karakana yake, na aliniruhusu nisimame kando yake wakati wote, kwa hiyo nitaeleza nilichoona.

Mashine ya kupimia ni ndogo kuliko nilivyodhani. Kuna mpini, kikopo cha dizeli safi, na geji kubwa. Unafunga injekta ncha ikitazama chini ndani ya chombo, unasukuma mpini. Alianza na namba 1. Mshale ulipanda polepole, ukafika 180, ukaruka kidogo, na pale chini ikatokea miale minne ya ukungu, myembamba, imejipanga sawasawa kama miguu ya kigoda, na injekta ikalia krrr. Akasema huo mlio ndio afya yake, sindano inafunguka na kufunga haraka sana. Akasukuma tena polepole hadi 160 akaishikilia hapo, akahesabu hadi kumi, akaachia mpini, ndipo akapitisha kidole chini ya ncha. Kavu. Namba 4 ikafanya vilevile, 182.

Namba 2 ilifunguka 150. Ukungu ulikuwepo lakini mnene, na mwale mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine.

Namba 3 sitaisahau. Alisukuma mpini, mshale haukupanda hata 60. Chini hapakuwa na ukungu. Kulikuwa na mchirizi mmoja, kama maziwa yanayotoka kwenye titi la ng'ombe, ukapiga chini ya chombo, halafu matone, tone baada ya tone, hata baada ya yeye kuacha mpini. Hicho ndicho kilichokuwa kikiingia kwenye silinda ya tatu kila mzunguko, Molo hadi Kisumu, wiki baada ya wiki, na mimi nimekaa futi tatu kutoka hapo nikihesabu faida ya viazi.

Aliifungua kwenye vaisi. Sindano ilikuwa imekwama, ina utando wa kahawia na doa la kutu karibu na kiti chake. Akaniambia sindano na mwili wake hutengenezwa pamoja, nafasi kati yake ni maikroni mbili hadi nne, wakati unywele wa mtu una zaidi ya 50, kwa hiyo huwezi kuchukua sindano ya hii ukaitia kwa ile. Alizisafisha zote kwenye dizeli, kwa brashi ya waya laini wa shaba na kijiti cha mti. Hakugusa ncha kwa msasa wala kwa waya wa chuma. Vitundu alivichokonoa kwa waya mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Halafu akafanya jaribio moja lililonifurahisha: aliichovya sindano ya namba 1 kwenye dizeli safi, akaiingiza kwenye mwili wake, akaivuta nje theluthi moja, akaiachia. Ikateremka yenyewe, taratibu, bila kusukumwa, hadi chini. Ya namba 2 ikateremka pia. Ya namba 3 ikasimama nusu njia. Akaisafisha tena, ikasimama palepale.

Basi hesabu ni hii. Nozeli mpya moja tu, ya namba 3, na alinionyesha maandishi kwenye mwili wa ile ya zamani, yanaanza na DLLA na baada yake kuna nambari ya pembe ya kunyunyizia, akasema nikanunue yenye maandishi yaleyale herufi kwa herufi. Duka la kwanza walinipa yenye nambari tofauti wakasema "zote ni za Isuzu, inaingia". Niliondoka. Duka la pili walikuwa nayo. Namba 2 alirekebisha springi ikafika 185. Namba 1 na 4 akazileta 185 pia ili zote ziwe sawa. Washa mpya nne za chini na zile ndogo za bomba la kurudisha. Pampu hakuifungua kabisa. Pamoja na oili na filta zote, nilitumia shilingi 14,300.

Lakini aliniuliza swali moja kabla sijaondoka: kutu ilitoka wapi?

Nilirudi tukafungua kizibo cha chini ya tangi. Kwanza ilitoka maji, karibu nusu lita. Halafu utelezi mweusi, kama kamasi, uliokuwa ukining'inia. Halafu ndipo dizeli. Mzee alinieleza kwa simu: tangi likilala nusu tupu kwenye baridi ya Molo, hewa iliyo ndani inatoa umande kwenye kuta, maji yanazama chini, na pale dizeli inapokutana na maji vinaota vijidudu vinavyotengeneza huo utelezi. Sisi tulikuwa tukinunua mafuta ya safari asubuhi, si jioni, ili pesa zisilale tangini. Miaka yote hiyo. Tumetoa tangi, tumeliosha mara tatu.

Kufunga: tulisafisha mashimo kwa kijiti kilichofungwa kitambaa chenye grisi, tukapiga stata mara chache kabla ya kurudisha injekta ili masizi yaruke nje, kila mtu akiwa amesimama mbali. Tukatoa hewa kwa pampu ya mkono, kwanza kwenye filta, halafu kwenye pampu kubwa, halafu nati za injekta zikiwa zimelegezwa hadi dizeli ikatoka bila povu.

Ilishika mzunguko wa tatu. Moshi mweupe ulikuwepo kwa dakika moja hivi, ukaisha. Nilisimama mbele ya lori na nikaweza kusikia kuku wa jirani.

Jumatatu tulibeba magunia 80. Lita 61, kwenda na kurudi. Mau Summit bado inatoa moshi mweusi kidogo, mwepesi, unapotea kabla ya kufika gari la nyuma.

DerevaWaMajengo

Dada, hongera kwa uvumilivu. Ile petroli nimeacha tangu fundi aliponijibu, na nimepeleka zangu kupimwa. Mbili kati ya nne zilikuwa chini ya kipimo. Sikuwa nimejua, nilikuwa nikiona gari ni jepesi tu.

FundiPampu_Kondele

Binti yangu, umefanya kazi ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Hiyo washa ya pili itunze, uwaonyeshe madereva wako.

Mambo mawili yamebaki. Oili mpya ibadilishe tena mapema, baada ya kilomita elfu moja tu, kwa sababu dizeli iliyobaki kwenye pembe za injini itashuka humo. Ukiibadilisha, ikate ile filta ya zamani uangalie karatasi yake kama ina vumbi la chuma linalong'aa. Kama lipo, niambie, tuangalie beringi kabla hazijaanza kulia. Na huo moshi mdogo uliobaki Mau Summit, kabla ya kuulaumu mwinuko peke yake, vali zilipimwa lini? Kwenye 4BD1 nafasi ni milimita 0.40, injini ikiwa baridi, za kuingiza na za kutoa vilevile.

BintiWaMolo

Mzee, nimetafuta kwenye daftari. Vali mara ya mwisho ni 2014, mwandiko wa baba, "0.40 zote". Baada ya hapo hakuna.

Alhamisi tutakuwa Kibuye kufikia saa moja asubuhi. Tukishashusha, injini tutaiacha ipoe hadi mchana, halafu tutaileta kwako polepole jioni, ilale hapo, uipime Ijumaa asubuhi ikiwa baridi. Filta ya oili nitakuja nayo kwenye mfuko wa nailoni, sijaikata bado, naona tuikate pamoja. Na tangi sasa tunalijaza jioni.